Mpira wa kufulia bila sabuni: unavyofanya kazi, na namna ya kuutumia bila kujidanganya

Siku nilipopata mpira wangu wa kwanza wa kufulia niliutikisa sikioni kama kayamba. Ndani unasikia vishanga vya kauri vinagongana, nje plastiki ngumu yenye matundu, na boksi lake linakuambia sabuni basi tena, mpira mmoja utafulia miaka. Nikautupa kwenye mashine na nguo za wiki nzima, sikuweka hata chembe ya sabuni, nikavuta kiti nikakaa mbele ya mlango wa kioo kama naangalia mechi. Maji yakatoka kijivu, yaani kijivu kweli, nikasema hii kitu inafanya kazi. Nikawa mhubiri wake kwa karibu miezi miwili. Afu siku moja nimefua, nimeanika, narudi ndani nakuta mpira uko juu ya meza unaniangalia, nilisahau kuuweka, na maji yalikuwa yametoka kijivu vilevile na nguo hazikuwa na tofauti yoyote na za wiki iliyopita.

Hapo ndo nikaanza kuuliza maswali ya maana. Kwa hiyo kama una mpira, au kimfuko cha magnesiamu, au maganda ya ritha (tunda kavu linalofanya kazi kama sabuni), au bado unafikiria kununua, soma kwanza kila kimoja kinafanya nini kikiwa ndani ya maji, maana ukishajua hilo utajua ukitumie wapi na wapi usijisumbue kabisa.

Maji yenyewe yanafua

Hii tunaisahau sana. Chumvi ya jasho inayeyuka kwenye maji. Sukari ya juisi inayeyuka. Vumbi linang'oka ukilitikisa. Nguo uliyovaa nusu siku ukiwa umekaa kwenye kiti haijachafuka kihivyo, imechoka tu, na ukiizungusha kwenye maji ya uvuguvugu dakika arobaini inatoka safi hata kama umeweka jiwe humo ndani badala ya mpira.

Mwaka 1959 mkemia mmoja wa Ujerumani, Herbert Sinner, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza kufua kwa kuchora duara lenye vipande vinne: kemikali, kusugua, joto na muda. Duara lazima lijae. Ukipunguza kipande kimoja, hivyo vingine inabidi vipanuke kuziba pengo. Mi tangu nielewe hilo duara nimeacha kubishana na watu kuhusu mipira, maana swali sio kama mpira "unafua" au "haufui", swali ni ukishatoa sabuni (yaani umetoa karibu kipande chote cha kemikali) unaongeza nini pale? Joto? Muda? Kusugua? Kama jibu ni hakuna, umebaki na duara lenye pengo na pengo litaonekana kwenye nguo, labda sio leo, ila litaonekana.

Pale maji yanaposhindwa

Chukua shati jeupe ulilolivaa siku mbili, geuza kola uiangalie kwenye mwanga. Kuna mstari wa njano iliyoelekea kahawia pale shingo inapogusa, ukipitisha kidole unahisi kama unateleza kidogo. Huo mstari ni mafuta ya ngozi yaliyochanganyika na ngozi iliyokufa na vumbi lililonasa humo. Maji hayawezi kuuyeyusha, yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya jani la mgomba.

Sabuni inaweza kwa sababu molekuli yake ina sehemu mbili, kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inajichomeka kwenye mafuta, vichwa vinabaki nje kwenye maji, mwisho wa siku tone la mafuta limezungukwa pande zote, linang'oka kwenye uzi na kuelea zake, na halirudi tena kushika kitambaa kwa sababu limevalishwa koti. Hiyo sehemu ya kutorudi ndo watu hawaijui. Kutoa uchafu ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuuzuia usihamie kwenye nguo ya jirani ndani ya mashine hiyohiyo. Ndo maana ukifua kwa maji matupu muda mrefu, nyeupe zako zinakuwa za kijivu zote kwa pamoja, hakuna hata moja yenye doa la kusema hili hapa.

Kuna jaribio dogo la mezani ambalo ukilifanya mara moja hutadanganywa tena na boksi lolote. Jaza glasi maji ya baridi. Chukua sindano ya kushonea, kavu kabisa, ilaze juu ya kipande kidogo cha karatasi laini ya chooni, weka hiyo karatasi juu ya maji taratibu. Karatasi italowa na kuzama (isukume kwa chini na njiti ikigoma), sindano itabaki inaelea. Chuma kinaelea! Ni ile ngozi ya juu ya maji inayoibeba. Sasa gusisha tone la sabuni ya maji pembeni ya glasi. Sindano inazama palepale, kama imefunguliwa mlango chini. Maana yake sabuni imelegeza ile ngozi, na maji yaliyolegea ndo yanaweza kupenya katikati ya nyuzi na chini ya mafuta.

Rudia na maji uliyolowekea mpira wako wa kauri usiku kucha. Glasi safi, sindano kavu, na hakikisha hiyo glasi haina mabaki ya sabuni ya vyombo maana itaharibu kila kitu. Mimi sindano yangu ilikaa juu pale mpaka nikachoka kuisubiri. Ukifanya na maji ya ritha inazama.

Haya, tuviangalie kimoja kimoja

Mpira wa kauri. Wauzaji watakuambia ioni hasi, miale ya infraredi, maji "kuamshwa", molekuli za maji kukatwakatwa ziwe ndogo. Achana na hayo yote. Kitu pekee chenye mantiki humo ni kwamba baadhi ya vishanga vina zeoliti, aina ya madini, na zeoliti kweli inafanya kazi: inanyonya kalisi kutoka kwenye maji magumu (yale yenye chokaa nyingi) na kuachia sodiamu mahali pake, viwanda vya sabuni za unga vilianza kuitumia kwa wingi pale fosfati, kemikali walizokuwa wakiweka mwanzo kulainisha maji, zilipoanza kupigwa vita kwa kuharibu mito na maziwa. Lakini kwenye sabuni ya unga ilikuwa inawekwa kwa wingi tena ikiwa unga laini uliosambaa kwenye maji yote, sio vishanga vichache vilivyokaa ndani ya plastiki. Kwa hiyo kilichobaki ni kugonga. Mpira unagongagonga nguo, nguo zinafunguka badala ya kujisokota, maji yanapita. Hicho ni kipande cha kusugua kwenye lile duara, kidogo lakini kipo. Mpira wa tenisi ungekufanyia hivyohivyo.

Magnesiamu. Hii ina kemia ya kweli, sitaidharau. Ni vipande vya metali vilivyo ndani ya kimfuko cha wavu, vikigusana na maji vinatoa haidrojeni kidogo (ukiangalia kwa makini kwenye glasi utaona viputo vidogo vimejishika kwenye chembe) na kutengeneza haidroksaidi ya magnesiamu, ambayo inayapa maji asili ya alikali, yaani kinyume cha asidi. Na alikali inasaidia kufua, mafuta ya ngozi yana asidi ndani yake na alikali ikikutana na hizo asidi inazigeuza kuwa aina fulani ya sabuni hapohapo kwenye kitambaa. Tatizo ni spidi na kiasi. Kwenye maji ya baridi hiyo kazi inaenda kinyonga, haidroksaidi yenyewe haiyeyuki sana, inaganda juu ya metali kama ngozi nyeupe na kuzuia maji yasiifikie, na mashine ya mlango wa mbele inazungusha makumi ya lita kwa muda mfupi tu. Kwenye glasi utapata alikali nzuri baada ya masaa kadhaa. Kwenye mashine, dakika arobaini, unapata dalili tu. Pima mwenyewe na karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi kuonyesha asidi au alikali, ni rahisi, chovya moja kwenye maji ya bomba na nyingine kwenye maji yanayotoka kwenye bomba la mashine, linganisha rangi.

Wala sio mimi peke yangu mwenye shaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwachukulia hatua wauzaji wa mipira ya kufulia kwa madai yasiyo na ushahidi, na mwaka 2021 mamlaka ya kulinda walaji ya Japani iliamuru muuza mifuko ya magnesiamu aache kutangaza uwezo ambao hakuweza kuuthibitisha. Miaka zaidi ya ishirini katikati, hadithi ni ileile.

Ritha. Hii sasa ndo kipenzi changu, na ukiniuliza nikushauri kitu kimoja tu hapa ntakuambia ritha. Ni tunda la mti wa jamii ya Sapindus, wanalitumia India na Nepali tangu zamani sana kwa nguo na nywele, wengine wanaliita njugu ya sabuni japo sio njugu, unachotumia ni ganda la nje lililokauka, linafanana na zabibu kavu kubwa na likishika unyevu linanata vidoleni. Ndani ya ganda kuna saponini, na saponini ina ileile tabia ya sabuni, upande mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Yaani hii ni kemikali halisi ya kufulia, imetengenezwa na mti badala ya kiwanda. Ni dhaifu kuliko sabuni ya unga, haina vimeng'enya vya kula protini na wanga, haina dawa ya kung'arisha, lakini ni sabuni.

Magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti) hayatumiki tena na tena kama hivi vingine ila nayaweka hapa kwa sababu ndo yanayofanya kile ambacho magnesiamu inaahidi. Vijiko viwili vya chakula kwenye mashine vinapandisha alikali kwa dakika chache, vinalainisha maji magumu, na vinaongeza nguvu ya chochote ulichoweka. Usidhani ni kitu kimoja na soda ya kuokea, hiyo ni dhaifu mno kwa kazi hii, ukiweka vijiko viwili umejifurahisha tu.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba mpira unafua?

Hawadanganyi. Na mi sikuwa nadanganya. Fanya hivi: chukua taulo lako "safi", lile ambalo limekuwa likifuliwa kwa sabuni ya unga miaka yote, liloweke kwenye beseni la maji ya moto bila kitu chochote, lipekeche dakika mbili. Angalia povu. Taulo langu lilitoa povu la kujaza kiganja, maji yakawa kama maji ya mchele, na hilo ni taulo lililotoka kabatini. Wengi tunaweka sabuni nyingi kupita kiasi na kusuuza haraka, ikabaki kwenye nyuzi. Kwa hiyo mtu akinunua mpira leo, mifuo ya kwanza kadhaa kwa kweli anafua na sabuni aliyoweka mwezi uliopita, na maji ya kijivu anayoyaona ni pamoja na hayo mabaki yanatoka. Nguo zinakuwa laini zaidi hata, kwa sababu mabaki yamepungua, na mpira unapewa sifa.

Kitu cha pili ni kwamba sabuni nyingi za unga zina rangi maalumu inayobaki kwenye kitambaa na kufanya nyeupe iwake kwa mbali kama ya bluu ikipigwa na jua. Ukiacha sabuni hiyo rangi inaisha kidogokidogo, nyeupe inarudi kuwa ya krimu, na hapo wengine wanapaniki wakidhani nguo imechafuka kumbe imerudi rangi yake. Kwa hiyo usihukumu kwa weupe peke yake. Kola ndo hakimu.

Jaribio la vitambaa vitatu

Kabla hujaamua chochote fanya hili, linachukua siku chache tu na linamaliza ubishi wote nyumbani. Tafuta fulana nyeupe ya pamba iliyozeeka. Ifue kwanza mara mbili au tatu kwa maji ya moto matupu mpaka isitoe povu ukiipekecha, hii hatua usiiruke, watu wanairuka halafu majibu yanakuja ya ajabu. Ikikauka ikate vipande vitatu sawa, na kila kimoja kifanyie mambo manne kwenye kona zake: tone la mafuta ya kupikia, chai ya rangi, udongo wenye maji, na kona ya nne jifutie nayo shingo na kwapa mwisho wa siku (usicheke, hii ndo kona muhimu kuliko zote). Viache usiku kucha vikauke.

Kesho yake fua mara tatu tofauti, mashine ileile, joto lilelile, na nguo zinazolingana kwa uzito na uchafu, na anza na maji matupu, halafu mpira, halafu sabuni yako ya kawaida mwisho ili mabaki yake yasiingie kwenye mifuo mingine. Weka alama kila kipande kwa uzi wa rangi kabla hujaanza. Vikikauka mpe mtu mwingine ambaye hajui kipi ni kipi avipange kutoka kisafi hadi kichafu. Ni lazima awe mtu mwingine, wewe uliyetoa hela ya mpira macho yako yameshachagua upande.

Kwangu mimi ilikuwa hivi: udongo ulitoka karibu sawa kwenye vyote vitatu. Chai ilififia kote, ikabaki kivuli hata kwenye sabuni. Mafuta yalitoka kwenye sabuni tu. Na kona ya shingo, mpira na maji matupu mtu wangu alishindwa kabisa kuvitofautisha, akabadilisha mara mbili mpangilio kisha akasema ni vilevile. Baadaye nilirudia na ritha ikakaa katikati, karibu zaidi na sabuni kwenye jasho na mbali kidogo kwenye mafuta.

Namna ya kufua na ritha

Kwenye mashine: toa mbegu nyeusi zote kwanza, hazina kazi na zinaweza kuacha rangi ya kahawia. Weka nusu-ganda tano au sita kwenye kimfuko cha kitambaa chembamba, funga kwa fundo la nguvu kweli maana likifunguka utaokota vipande vya ganda mifukoni mwa suruali wiki nzima. Tupia katikati ya nguo. Maji yawe digrii 40 au zaidi, saponini inatoka vizuri kwenye joto. Ukipenda kufua kwa baridi, loweka kimfuko kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto dakika kumi, kiminyeminye, mimina maji na kimfuko vyote ndani. Usitegemee povu kubwa.

Maganda hayo yanafaa tena mara tatu mpaka tano, kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndo yanavyoisha haraka. Utajuaje yameisha? Yakamue kwenye chupa yenye maji kidogo, tikisa. Povu likikaa juu bado yana uhai. Likipotea ndani ya sekunde chache, na maganda yenyewe yamekuwa laini na ya kijivu kama karatasi iliyolowa, badilisha. Kati ya fuo moja na jingine yaanike yakauke, ukiyaacha yamelowa ndani ya mashine yanaota ukungu, na harufu yake ni kama siki iliyokaa vibaya.

Kufua kwa mkono ndo ritha inapopendeza zaidi: chemsha nusu-ganda kumi na mbili kwenye lita moja ya maji kwa nusu saa, moto mdogo, acha ipoe, chuja. Unapata maji ya kahawia yanayoteleza. Kikombe nusu kwenye beseni kinatosha. Yaliyobaki weka kwenye friji na uyamalize ndani ya wiki, yanachacha upesi, au yagandishe kwenye vikombe vya barafu utoe viwiliviwili. Nguo nyeupe usiziloweke humo masaa na masaa, kile kikahawia kinaweza kubaki. Na jamani macho! Yakirukia jichoni yanawasha vibaya sana, hiyo "asili" isikufanye umwachie mtoto achezee. Maji yake pia usimwage kwenye bwawa la samaki, saponini inawaua.

Sufu na hariri, ritha ndo chaguo langu, haina ukali wa alikali. Hapo magadi na magnesiamu usiviguse, alikali inazidhoofisha nyuzi za wanyama.

Kama mpira au magnesiamu tayari unayo

Usitupe, umeshalipa. Tumia kwa kile unachoweza. Nguo zisizidi theluthi mbili ya pipa, maana faida ya mpira ni kugonga na hauwezi kugonga kama umebanwa. Ongeza joto kwa zile nguo zinazoruhusu, ongeza muda, chagua mzunguko mrefu, ndo kulijaza lile duara. Weka humo mashuka yasiyo na madoa, mapazia, nguo zilizokaa kabatini zikapata harufu ya vumbi, nguo mpya za mara ya kwanza. Kufua kwa mkono na mpira wa kauri kwenye beseni ni kujichosha bure, hakuna kinachogonga hapo.

Magnesiamu ipe muda. Loweka nguo pamoja na kimfuko saa moja au mbili kabla ya kuwasha mashine, na maji yawe machache iwezekanavyo. Chembe zikifanya weupe kama unga, zichovye kwenye siki dakika kadhaa mpaka ziwe za kung'aa, suuza. Usifunge chupa kwa nguvu wakati ziko kwenye siki, zinatoa gesi na gesi hiyo inashika moto.

Na hapa ndo siri yangu ambayo imeokoa mashati mengi: kipande cha sabuni. Cha kawaida tu. Kabla ya kuingiza nguo kwenye mashine lowesha kola, makwapa na mikunjo ya mikono, sugua kipande cha sabuni pale tu, fikicha kwa vidole, acha dakika kumi. Umeweka kemikali pale mafuta yalipo na sio kwenye nguo nzima. Ukifanya hivi mpira wako ghafla utaanza "kufanya kazi", na sabuni unayotumia ni ndogo mno, kipande kimoja kinanikalia miezi.

Damu maji ya baridi kwanza, kila mara, joto linaipika ikashika. Nguo za mgonjwa, nepi, taulo za jikoni, chupi na soksi za mazoezi hizo sizipeleki kwenye mpira hata kidogo, zinakwenda kwenye sabuni na digrii 60. Nguo za mazoezi za poliesta hasa, poliesta inapenda mafuta kuliko inavyopenda maji kwa hiyo inayashikilia, unaifua inanukia safi, unaivaa dakika tano ukapata joto na harufu ya wiki iliyopita inarudi kama haikwenda popote.

Nguo zimeshakuwa za kijivu?

Kama umefua na mpira miezi na sasa mashuka yamekuwa mazito na hayanyonyi maji, hayo ni mafuta yaliyojikusanya taratibu. Jaza beseni au hata pipa la mashine maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, weka magadi vijiko vitatu vya chakula na sabuni ya unga kijiko kimoja, loweka pamba nyeupe masaa manne mpaka usiku kucha. Rangi ya maji asubuhi itakuaibisha kidogo. Fua kawaida, suuza mara mbili. Nguo za rangi kali zifanyie kivyake, zitachuja.

Siki ukipenda itie kwenye maji ya kusuuzia ya mwisho, kikombe nusu, inatoa chokaa na mabaki ya alikali. Ila usiitie pamoja na magadi ukidhani unaongeza nguvu, zinauana zenyewe kwa zenyewe, povu zuri la kupiga picha halafu unabaki na maji ya chumvi. Na kamwe, kamwe usiichanganye na jiki, inatoa gesi ya klorini na hiyo sio ya kuchezea kwenye bafu lililofungwa.

Maganda ya ritha yaliyoisha yatupie kwenye mboji, yanaoza. Mpira wangu wa kauri bado niko nao, ulipasuka mshono nikavitoa vile vishanga na ganda la plastiki naliweka na jaketi la manyoya ya bata likiwa kwenye mashine, linayagonga manyoya yasigande mabonge. Hapo kweli unafanya kazi nzuri, japo boksi halikusema lolote kuhusu hilo.